Hisa Unayonunua Leo, Kesho Utamuuzia Nani?

Mwaka 2015 Benki ya CRDB iliwarudia wanahisa wake ikitaka mtaji zaidi. Kila mwenye hisa tano alipewa haki ya kununua moja mpya kwa shilingi 350, na wengi waliona ni nafuu kwa sababu sokoni hisa hiyohiyo ilikuwa juu ya hapo. Mwishoni mwa 2019 hisa ile ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 95. Aliyeweka milioni moja, kwa bei ya siku hiyo mali yake haikufika laki tatu. Mwishoni mwa 2024 hisa ileile, ya benki ileile, ilikuwa imevuka shilingi 600.

Anayetaka kuanza kununua hisa akielewa kilichotokea katika miaka hiyo tisa, sehemu kubwa ya soko la hisa ameshaielewa. Asipoelewa, hata akifundishwa namna ya kufungua akaunti kwa simu atakuwa amejifunza kubofya tu. Kwa hiyo nitaishika CRDB kama mfano, nikivuka mpaka kwenda Nairobi pale inapobidi, maana Wakenya wametutangulia kwa mengi, yakiwemo ya kuumia. Simshauri mtu ainunue wala aiuze hisa ya benki hii. Nimeichagua kwa sababu hesabu zake ziko wazi na Watanzania wengi wana akaunti pale au wanamjua mwenye nayo.

Unachonunua hasa

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. CRDB imegawanywa vipande bilioni 2.6 hivi, mwenye vipande elfu moja ni mmiliki mdogo mno, lakini ni mmiliki halali. Umiliki huo unampa mambo matatu. Anapata gawio, yaani sehemu ya faida, ikiwa bodi imependekeza na mkutano mkuu ukaridhia. Ana kura katika mkutano huo. Na kampuni ikifilisiwa, anapata sehemu ya mali itakayobaki baada ya wadai wote kulipwa: mamlaka ya kodi, wafanyakazi, mabenki, wauza malighafi. Mwanahisa ndiye wa mwisho kwenye foleni, na mara nyingi akifika dirishani anakuta hamna kitu.

Kampuni ya sukari ya Mumias, magharibi mwa Kenya, ilipeleka hisa zake kwa umma mwaka 2001 kwa shilingi 6.25 za Kenya. Wakulima wa miwa walinunua, walimu walinunua. Mwaka 2019 madeni yaliizidi, ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa kulipa wadai, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa sokoni. Majina ya wale wanahisa bado yamo kwenye daftari, ila hakuna pa kuziuza. Nafuu pekee ni kwamba deni la kampuni halimfuati mwanahisa nyumbani. Unaweza kupoteza ulichoweka chote, lakini hakuna atakayekuja kukamata shamba lako.

Hapo ndipo hisa inapoachana na hatifungani. Ukinunua hatifungani ya Serikali umeikopesha Serikali. Riba inajulikana tangu siku ya kwanza, na siku ya kurudishiwa mtaji inajulikana pia. Hisa haina ahadi ya namna hiyo. Hakuna kifungu popote kinachoilazimisha kampuni kutoa gawio mwaka huu, wala kinachosema bei itarudi ulikonunulia. Kwa sababu hiyo, mtu yeyote anayekuahidi asilimia kadhaa kila mwezi kwa jina la hisa hakuuzii hisa. Waliokuwepo mwaka 2009 wanaukumbuka upatu wa DECI na habari zake za kupanda na kuvuna mbegu: mapato ya waliotangulia yalikuwa pesa za waliofuata. Hakukuwa na kiwanda, benki wala kiberenge nyuma ya ile mbegu. Hisa nyuma yake pana kampuni inayochapisha hesabu zilizokaguliwa, na ukitaka unaweza kuzisoma kabla hujatoa senti.

Pesa yako inakwenda kwa nani

Watu wengi wanadhani ukinunua hisa za kampuni ya bia ya TBL leo, pesa inakwenda TBL kununulia shayiri. Haiendi huko. Inakwenda kwa mtu fulani, pengine mstaafu wa Moshi au mfuko wa pensheni, aliyekuwa nazo na ameamua kuziuza. TBL haioni hata shilingi. Kinachobadilika kwake ni jina la mmiliki kwenye rejista, basi.

Kampuni hupata pesa pale tu inapotoa hisa mpya, kama CRDB ilivyofanya 2015. Hilo ndilo soko la awali. Yanayofuata, ya mimi kukuuzia wewe na wewe kumuuzia mwingine, ni soko la upili, na ndilo linalofanyika kila siku ya kazi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE. Lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa oksijeni na gesi nyingine. Nairobi walikuwa na soko lao tangu 1954.

Toleo la kwanza la hisa kwa umma, ambalo siku hizi kila mtu analiita IPO, nalo lina mtego wake. Si lazima pesa iingie kwenye kampuni. Inategemea anayeuza ni nani. Hisa za Benki ya NMB zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, muuzaji alikuwa Serikali, iliyokuwa ikipunguza umiliki wake. Safaricom mwaka huohuo, hivyohivyo: Serikali ya Kenya iliuza robo ya kampuni, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na mabilioni yale yakaenda Hazina. Sisemi ni vibaya. Nasema waraka wa matarajio, lile kabrasha nene ambalo karibu kila mnunuzi analiruka, una ukurasa unaoeleza pesa zinakwenda wapi, na ukurasa huo unastahili kusomwa kabla ya picha za mnara wa simu.

Safaricom ina somo jingine. Mwaka 2008 foleni zilikuwa ndefu, watu walikopa benki wakanunue, na maombi yakawa makubwa mara kadhaa kuliko hisa zilizokuwepo. Waombaji wadogo wakagawiwa sehemu ndogo tu ya walichoomba, iliyobaki wakarudishiwa baada ya kusubiri, huku riba ya mkopo ikihesabika kwenye pesa yote. Ndani ya miezi michache bei ilikuwa chini ya shilingi 5, na mwanzoni mwa 2009 ikawa chini ya 3. Aliyekopa alilazimika kuuza. Aliyetumia akiba yake akasubiri, mwaka 2021 aliiona ikipita 40. Kisha mwishoni mwa 2023 akaiona tena chini ya 15. Kampuni ni ileile, na miaka yote hiyo ilikuwa ikipata faida.

Bei inatoka wapi

Hakuna ofisi inayopanga bei ya hisa. DSE haipangi, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana haipangi, na kampuni yenyewe haina kauli. Bei unayoiona kwenye simu ni bei ambayo muuzaji wa mwisho na mnunuzi wa mwisho walikubaliana. Ni kama kiwanja chako cha Kibaha: jirani akiuza cha kwake milioni 15 unaanza kujihesabia una milioni 15, lakini unazo siku utakapopata mtu wa kuzitoa.

Ukiingia ndani ya mfumo wa soko utaona pande mbili. Upande mmoja umepangwa wanaotaka kununua, kila mmoja na bei yake na idadi: huyu anataka 500 kwa 640, yule 2,000 kwa 635. Upande wa pili wako wanaotaka kuuza: 300 kwa 650, na 10,000 kwa 660. Bei zisipokutana, hakuna biashara. Mnunuzi mmoja akichoka kusubiri akapanda hadi 650, hisa 300 zinabadili mikono na bei ya CRDB siku hiyo inatangazwa kuwa 650, hata kama mwenye zile 10,000 bado amekaa nazo.

Kwa hiyo zile laki saba za aliyenunua 2015 hazikwenda popote. Hakuna aliyezichukua. Kilichobadilika ni kile ambacho mnunuzi aliyefuata alikuwa tayari kulipa, na kwa miaka ile wanunuzi walikuwa wachache na wakali. Sababu zilikuwepo. Kuanzia 2016 Serikali ilihamishia Benki Kuu amana za taasisi zake zilizokuwa zimelala kwenye mabenki ya biashara. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, ikapanda nchi nzima. Faida ya CRDB, iliyokuwa juu ya shilingi bilioni 100 mwaka 2015, ikaporomoka hadi takriban bilioni 36 mwaka 2017. Mtu aliyeiona benki kwa jicho la mwaka huo hakuwa mjinga kutoa bei ndogo.

Lakini ona hesabu ya 2019. Faida ilikuwa imerudi, bilioni 120 hivi. Igawanye kwa hisa bilioni 2.6, unapata karibu shilingi 46 za faida kwa kila hisa. Na hisa inauzwa 95. Maana yake soko lilikuwa likiuza biashara hii kwa bei ambayo faida ya miaka miwili tu, kwa kiwango kilekile, ingeifikia. Benki ikatangaza gawio la shilingi 17 kwa hisa kwa mwaka huo. Aliyenunua kwa 95 alipata karibu asilimia 18 ya pesa yake kwa gawio moja, kabla ya kodi. Aliyenunua kwa 350 alipata shilingi 17 zilezile, ambazo kwake hazikufika asilimia 5.

Magawio yaliyofuata yalikuwa 22 kwa mwaka 2020, 36 kwa 2021, 45 kwa 2022 na 50 kwa 2023. Jumlisha na lile la 17: shilingi 170. Mnunuzi wa 95 alikuwa amesharudishiwa pesa yake yote kwa magawio peke yake, na hisa bado anayo. Nikimsikia mtu akisema hisa ni kubahatisha, huwa nataka nimwonyeshe mstari huu. Nikimsikia mwingine akisema hisa hazina hasara ukiwa mvumilivu, namwonyesha ule wa Mumias.

Kwa nini basi wanunuzi hawakujazana mwaka 2019? Nadhani jibu moja lilikuwa kwenye hatifungani. Wakati ule hatifungani ya Serikali ya miaka 20 ilikuwa ikilipa riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka bila kodi. Nani ahangaike na benki yenye mikopo chechefu? Aprili 2022 Serikali ilishusha riba hizo, miaka 20 ikawa asilimia 12.10, na pesa iliyozoea hatifungani ikaanza kutazama upande wa pili. Si sababu pekee, maana faida za mabenki nazo zilikuwa zinapanda kwa kasi, CRDB ikafikia takriban bilioni 424 mwaka 2023. Ila anayeangalia bei za hisa bila kuangalia riba za hatifungani anaona nusu ya picha.

Bei ndogo si rahisi, bei kubwa si ghali

Hili linawachanganya wanaoanza kuliko jambo lolote. Kwa miaka mingi hisa ya NMB ilikuwa ikiuzwa kwa maelfu na ya CRDB kwa mamia, na ungesikia mtu akisema atanunua CRDB "kwa sababu ni ya bei nafuu". NMB imegawanywa vipande milioni 500. CRDB vipande bilioni 2.6. Keki mbili za ukubwa unaokaribiana, moja imekatwa vipande vikubwa. Bei ya kipande peke yake haikwambii lolote.

Kinachoeleza ni bei ukiilinganisha na kitu kingine. Igawanye kwa faida ya kila hisa, ujue unanunua faida ya miaka mingapi. Chukua gawio uligawanye kwa bei, upate asilimia ya kuilinganisha na riba ya hatifungani au ya akaunti ya muda maalumu. Hesabu zote mbili zinafanyika kwa kikokotoo cha simu, na takwimu zake ziko kwenye taarifa za fedha ambazo kampuni zilizoorodheshwa zinalazimika kuzitoa hadharani. Kwa kampuni za Kenya utaratibu ni huohuo.

Tahadhari: hesabu hizi zinatumia faida iliyopita. Kampuni inaweza kuonekana rahisi mno kwa sababu soko limeshajua mwakani mambo yatakuwa mabaya. Ukikuta gawio ni asilimia 20 ya bei, usikimbilie kununua. Kwanza tafuta kwa nini wenye pesa nyingi wanaliacha likipita. Mwaka 2019 jibu lilikuwa woga uliopitiliza. Mahali pengine jibu huwa ni kwamba lile gawio ni la mwisho.

Na gawio lina tarehe. Kampuni hutangaza siku ya kufunga rejista; aliyemo kwenye daftari siku hiyo analipwa, aliyeingia kesho yake halipwi. Kwa hiyo wapo wanaonunua wiki moja kabla ili "wale gawio" kisha wauze. Mara nyingi bei hushuka baada ya tarehe hiyo kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, na ukiweka ada za kununua na kuuza, shughuli nzima inakuwa jasho la bure.

Kununua ni rahisi, kuuza ndiyo shughuli

Sasa niseme lile ambalo vitabu vya hisa vilivyoandikwa kwa ajili ya New York havilisemi, kwa sababu kule si tatizo. Kwenye masoko yetu hatari kubwa ya mtu mdogo mara nyingi haiko kwenye kushuka kwa bei. Iko kwenye kukosa mnunuzi.

Hisa ya TBL ilikaa kwenye shilingi 10,900 kwa miaka kadhaa mfululizo. Ukitazama chati yake ya kipindi hicho unaona mstari ulionyooka, na asiyejua atadhani ni kampuni isiyotikisika. Ukweli ni kwamba hisa zake zilikuwa hazibadilishani mikono kiasi cha kuisogeza bei. Mwenye hisa nyingi za TBL ni kampuni mama, AB InBev, ambayo haiuzi. Wanaofuata ni wawekezaji wakubwa wanaokaa nazo miaka. Kinachobaki kuzunguka ni kidogo. Mwenye shida ya haraka angeweza kuona milioni 10 kwenye taarifa yake na asipate hata mtu wa kumpa milioni nane wiki hiyo.

Vodacom Tanzania ni kisa kinachofanana. Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma, na mwaka 2017 Vodacom ikauza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja. Makumi ya maelfu ya watu ambao hawakuwahi kununua hisa walinunua hiyo kuwa ya kwanza. Baadaye bei ikashuka chini ya 850 na kukaa huko kwa miaka. Wengi waliotaka kutoka waligundua kwamba kila mmoja wao alikuwa muuzaji, na watu waliokuwa na hamu ya kununua walishanunua siku ya toleo.

Nairobi wana mfano mkali kuliko hiyo. Julai 2020 biashara ya hisa za Kenya Airways ilisimamishwa, na haikurudishwa hadi Januari 2025. Kwa zaidi ya miaka minne mwenye hisa zile hakuweza kuuza hata moja, kwa bei yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza hisa itapanda kiasi gani, uliza zinauzwa ngapi kwa siku. DSE hutoa taarifa ya kila siku inayoonyesha idadi ya hisa zilizouzwa kwa kila kampuni. Itazame kwa wiki nne au sita. Kampuni ambayo siku nyingi inaonyesha sifuri inaweza kuwa biashara nzuri sana, lakini pesa yako ikiingia pale ihesabu kuwa imefungiwa. CRDB na NMB huwa zina mzunguko mzuri kuliko nyingi. Hiyo ni sababu mojawapo ya wanaoanza kuelekezwa huko, na safari hii waelekezaji hawajakosea.

Pesa ya kununulia hisa, basi, iwe ile ambayo kwa miaka mitano hutaihitaji. Ada ya shule ya Januari haifai. Mkopo haufai kabisa, kwa sababu mkopo una tarehe na hisa haina. Mtu ambaye hawezi kufunga pesa kwa muda huo, au hana hamu ya kusoma hesabu za kampuni, mifuko ya pamoja kama ile ya UTT AMIS inamfaa zaidi: anakabidhi pesa, wataalamu wanaigawanya kwenye hatifungani, amana na hisa, naye akitaka kutoka mfuko wenyewe ndio unaonunua vipande vyake. Faida yake si ya kusimulia kijiweni, lakini suala la kumtafuta mnunuzi linakuwa limeondoka.

Utaratibu, na ada zinazojificha

Kununua kwenyewe hakuna maajabu. Unafungua akaunti ya kuhifadhia hisa kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au kwa programu ya simu ya DSE, Hisa Kiganjani, ukiwa na kitambulisho cha taifa. Cheti cha karatasi hakuna tena. Hisa zako ni maingizo kwenye hifadhi ya kielektroniki, kama ilivyo Nairobi. Unatoa oda ukitaja kampuni, idadi na bei ya juu uliyo tayari kulipa. Taja bei. Ukiacha mfumo ununue kwa bei yoyote iliyopo kwenye soko lenye wauzaji wachache, unaweza kujikuta umemlipa yule wa mwisho kabisa kwenye mstari.

Oda ikikutana na muuzaji, makabidhiano ya pesa na hisa hukamilika siku ya tatu ya kazi. Ukiuza pia, pesa haiji leo.

Ada ya dalali, ya soko, ya mamlaka na ya hifadhi zikijumlishwa kwa mnunuzi mdogo huwa ni asilimia 2 au zaidi kidogo ya thamani. Ukiuza unalipa tena. Maana yake hisa lazima ipande asilimia 4 au 5 ndipo urudi ulipoanzia, kwa hiyo mchezo wa kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa unamnufaisha dalali peke yake. Kodi ni nyepesi: gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE hukatwa asilimia 5 kabla halijakufikia, na huko Kenya mkazi hukatwa kiasi hichohicho.

Jambo moja kuhusu vichwa vya habari. Ukisikia "mtaji wa soko la hisa umepanda", kumbuka kwamba kwenye hesabu hiyo zimo kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar es Salaam, kama KCB na EABL. Bei ikipanda Nairobi, namba ya Dar inapanda, hata kama hakuna Mtanzania aliyeuza wala kununua kitu. Faharisi, yaani kipimo cha mwenendo wa bei za hisa kwa jumla, inayohusu kampuni za ndani peke yake ni TSI. Hiyo ndiyo ya kufuatilia ukitaka kujua hali ya hisa za nyumbani.

Madalali wengi ni waaminifu, lakini taarifa ya akaunti yako ya hisa itazame mwenyewe, ile inayotoka kwenye hifadhi, usiishie ya dalali. Machi 2008 kampuni ya udalali ya Nyaga Stockbrokers ya Nairobi iliwekwa chini ya usimamizi maalumu huku wateja wakilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila wao kujua. Wengi waligundua wakiwa wamechelewa, kwa sababu hawakuwahi kuomba taarifa.

Sajili pia akaunti ya benki au namba ya simu ya kupokelea magawio, na ukibadilisha namba, badilisha na huko. Kampuni kubwa zina orodha ndefu za magawio yasiyodaiwa, mengi ya watu waliohama, waliobadilisha namba au waliofariki. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Hisa za marehemu haziwezi kuuzwa wala kuhamishwa hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi hawezi kudai kitu asichojua kipo. Andika jina la dalali na namba ya akaunti yako ya hisa mahali ambapo mwenzi wako au mtoto wako mkubwa atapaona, mwambie ni za nini, na mwonyeshe taarifa ya mwisho inavyosomwa.